Kaza Mbili, Pindua Mbili

Asubuhi moja wiki hii, chai ikiwa bado inafuka mezani, binti mmoja aliweka picha kwenye kikundi chetu cha wafumaji cha simu. Ilikuwa karatasi ya maelekezo ya sweta, ya Kiingereza, naye alikuwa amezungushia wino mwekundu namba zote zilizomo ndani ya mabano. Chini yake akaandika: "Jamani, haya mabano ni ya nini? Nimeangalia mpaka macho yanauma." Majibu yalianza kumiminika papo hapo. Mmoja alimwambia ni saizi tu, achague yake na nyingine aachane nazo. Mwingine alituma vikatuni vya kucheka hadi machozi. Wa tatu akasema, "Mdogo wangu, wote tulianzia hapo, karibu chamani." Binti akashukuru, mambo yakaisha. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

Niliilaza simu kifudifudi nikakaa naitazama meza. Jibu lile alilolipata binti yule kwa muda wa kupulizia chai, sisi lilitugharimu sehemu kubwa ya likizo ya Juni, na tulipolipata lilikuwa limechelewa. Au labda halikuchelewa. Hapo ndipo sijawahi kuwa na hakika, nawe uniwie radhi nikipazungukazunguka, maana nimeshapazunguka miaka mingi peke yangu.

Tulikuwa tunakaa Kwihara, nyumbani kwa bibi, nyumba ya matofali ya kuchoma iliyotazama barabara ya vumbi iendayo Tabora mjini. Wageni wenye kamera walikuwa wakituambia kwamba njia ile walipita wapagazi wa zamani, pembe mabegani, wakielekea pwani. Sisi tuliipita na madumu ya maji na hatukuona ajabu yoyote. Juni ya kwetu unaijua kama umewahi kuilala: mchana jua kali, lakini asubuhi baridi inakuingia kwenye maungio ya vidole mpaka kalamu inakataa kushikika. Ndio wakati wa michembe. Bibi aliketi uani tangu umande haujakauka, miguu ameinyoosha, akikata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba. Harufu ya viazi vikikauka juani, tamu kidogo, kavu kidogo, ndiyo harufu ya likizo yangu. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku, na kugeuza vipande upande wa pili. Nilivigeuza kimoja kimoja na kuvipanga kwa safu. Bibi alikuwa akinicheka. "Mke mwenzangu," ananiita hivyo kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, "hivyo vinakwenda tumboni, haviendi gwaride."

Nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nikikosea herufi moja kwenye daftari nachana ukurasa. Nikifagia uwanja, mtu akakanyaga, nafagia upya nyayo zake huku bado anaondoka. Hakuna aliyenifundisha; niliamka nayo tu, kama wengine wanavyoamka na kikohozi. Kiingereza nacho nilijifundisha mwenyewe. Pale kijijini kuna tembe la makumbusho, na mlinzi wake alikuwa akiniruhusu kuingia wakati hakuna wageni. Nilisoma maandishi ya ukutani neno moja moja, kamusi mkononi, kamusi kuukuu iliyonyofoka kurasa za mwisho, kwa hiyo Kiingereza changu chote kiliishia kwenye S. Hata hivyo nyumbani nilikuwa ndiye mjuzi. Karatasi ya dawa ikija, ninaitwa. Maandishi ya kwenye kopo, ninaitwa. Na nilipoitwa sikuwahi kusema sijui.

Mama alifanya kazi mbali na nyumbani, kwa hiyo aliyekuwa akinikanda kichwa kikiuma na kunisuka nywele mwaka ule alikuwa mdogo wake, mama mdogo. Alirudi kutoka Igunga wakati wa mvua, na mzigo mmoja wa kanga na sindano mbili za chuma za kufumia. Moja ya sindano ilikuwa imepoteza kichwa chake, naye aliitengenezea kingine kwa nta ya asali. Bibi alisema amekuja kupumzika. Mtoto huelewa nusu anayoambiwa na nusu anayosikia mlangoni: alikuwa ameolewa miaka mingi na hakupata mtoto, na huko kwa mumewe walikuwa wameshachoka kumwambia kwa upole.

Alikuwa mtu wa kucheka. Hilo lazima nilitangulize, kwa sababu nikimfikiria sasa namwona kimya, na si haki. Alicheka mpaka anashika ubavu. Alimwiga jogoo, alimwiga mjomba, alimwiga bibi akisali. Alifuma kofia za watoto wachanga kwa nyuzi za rangi zilizobakibaki, bila kutazama mikono yake, huku anaongea. Ufumaji aliupata kwa kuangalia tu, kwa jirani yake wa kule Igunga. Karatasi ya maelekezo hakuwahi kuiona.

Mahindi yalipoanza kukauka, mjomba, kaka yao mkubwa, alikuja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Igalula alikokuwa anafanya biashara ya mazao. Alipokea maji, akanywa, akafuta midomo. Akasema yale aliyokuja kuyasema, mbele ya bibi, mbele yangu, mbele ya ungo wa karanga.

"Mavuno yakiisha, shemeji zetu watakuja kukuchukua. Nimeshapata habari."

Mama mdogo aliendelea kubangua karanga.

"Mimi si mtu mbaya," mjomba akasema. "Ukiwa na kazi hapa, kazi yenye jina, nitasimama mwenyewe niwaambie warudi. Lakini kama unakula mahindi ya mama tu, nitawaambia nini? Mtu asiye na kazi ni mgeni, na mgeni siku yake ya kuondoka inajulikana."

"Nimesikia, kaka," mama mdogo akajibu, na kwa mara ya kwanza sikumwona akimwiga baada ya baiskeli kupotelea barabarani.

Basi ndivyo mambo yalivyosimama: apate kazi yenye jina, au arudi Igunga. Na mimi niliyekuwa nalala mgongoni pake wakati wa baridi nilijua vizuri kabisa ni kitu gani kilikuwa kinapimwa.

Kazi ilikuja kwa njia ya kofia. Mwanamke mmoja wa jirani alimpeleka mwanawe kliniki mjini akiwa amevaa kofia ya mama mdogo, na mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni akaiona, akauliza ya nani. Haikupita muda tukaitwa. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu. Alitupatia mfuko wa uzi wa sufu wa kijani kibichi, kijani cha majani ya migomba, na karatasi iliyorudufiwa kutoka kwenye jarida, yenye picha ya mtoto wa Kizungu akitabasamu ndani ya sweta lenye mikono.

"Niletee sweta moja la mfano kabla shule hazijafunguliwa," alisema. "Likinipendeza, wanafunzi wapya wa muhula huu wote watavaa yako. Fuata karatasi tu, kila kitu kimo."

Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Tulipotoka getini akanikabidhi. "Haya, mwalimu wangu. Kila kitu kimo humo, eti. Kitoe."

Hakikutoka. Nilitandika karatasi ile kwenye mkeka, nikaweka jiwe kila pembe, nikaisoma toka juu hadi chini. Haikuwa na Kiingereza cha kwenye ukuta wa makumbusho. Ilikuwa na herufi na namba tu, zimefuatana kama kamba za siafu: K mbili, P mbili, nyota, namba, mabano, nyota tena. Kamusi haikusaidia. Nikaisoma upya, kidole juu ya mstari, kama ninavyofanya hadi leo nikipewa kitu nisichokijua mbele ya mtu anayeniamini. Na kwa sababu sikuweza kusema sijui, nikasema, "K ni kaza. P ni pindua."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mama mdogo alichukua sindano, akajaribu: kitanzi kimoja akakivuta kwa mbele akakaza, kingine akapindua uzi akakitoa kwa nyuma. Alifanya viwili viwili mstari mzima, akarudi, na tazama, ukingo ukaanza kutokea, wenye mifereji iliyosimama, sawasawa na ule wa kwenye picha. Alipiga kigelegele. Bibi akageuka na kisu mkononi akidhani kuna nyoka.

Siku zile za mwanzo nazihifadhi. Tuliketi uani, mgongo kwenye ukuta uliopata jua, bibi anakata viazi upande mmoja na sisi upande mwingine, nami naita, "Kaza mbili!" naye anajibu, "Pindua mbili!" mpaka watoto wa jirani wakaufanya wimbo wa kurukia kamba. Nyota nayo tuliielewa kwa kubahatisha. Tuliona kila penye nyota mstari unajirudia, mama mdogo akasema, "Kumbe hapa wanatuambia turudi tulikotoka," kisha akavuta uzi, akaendelea.

Kilichotushinda ni mabano. Karatasi ilisema tuanze na vitanzi 64 (70, 76), na kila mahali penye namba palikuwa na wenzake wawili wamefungiwa ndani. Kama ulisoma shule ya msingi kwetu, unajua tayari nilifikiria nini. MAGAZIJUTO. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mwalimu wa hesabu alituimbisha tukiwa tumesimama, na aliyekosea aliendelea kusimama wenzake wakikaa. Mimi sikuwahi kuachwa nimesimama. Kwa hiyo nilitamka kwa sauti ya mwalimu wa hesabu: "Mabano kwanza. Yaliyo nje, baadaye."

"Una hakika?" mama mdogo akauliza.

"Ni sheria," nikasema. "Haibadiliki."

Akaanza na sabini, kama nilivyomwamuru. Ukingo ulipokwisha akaongeza hadi sabini na sita. Alipofika karibu na kwapa nikamwambia sasa tumemaliza ya ndani ya mabano, tutoke nje, apunguze hadi sitini na nne. Alipunguza. Alinitazama mara moja, sindano zimesimama, kisha akapunguza. Mbele na nyuma, vyote hivyo hivyo. Tulipovishikiza pamoja kwa uzi na kukiinua kitu kile juani, kilikuwa chembamba juu, kipana katikati, kimetuna kama chungu cha pombe.

Bibi aliacha kukata viazi akakitazama. "Mayo wane! Mama yangu!" akasema. "Hili sweta lina mimba."

Tulicheka. Wote watatu tulicheka, mama mdogo akishika ubavu. Kisha kicheko chake kikakatika kama uzi, naye akaanza kukunja kile kitu taratibu magotini, akakilainisha pale kilipotuna, akakilainisha tena. Bibi alirudi kwenye viazi vyake. Kisu kilisikika kikikata, kikikata. Hakuna aliyesema pole, maana kusema kungekuwa kukiri kwamba wote tulikuwa tumefikiria jambo lile lile. Mimi nilisema neno moja tu, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo: "Tufumue."

Tukafumua. Nikaleta kanuni nyingine: labda tujumlishe. Tukapata kitu cha kumvika ng'ombe. Nikaleta ya tatu: labda mbele ni namba ya nje na nyuma ni za mabano. Pande mbili zikakataa kukutana. Kila kanuni ilikula siku zake, na kila siku moja michembe ilikuwa inajaa zaidi kwenye magunia, na mashambani mahindi yalikuwa yanavunwa.

"Twende tukamwulize mwalimu mkuu," mama mdogo akasema siku moja.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Atajua hatujui."

"Lakini mwanangu, kweli hatujui."

"Akijua, atampa mtu mwingine. Halafu utaondoka."

Nilidhani atanigombeza. Badala yake aliweka kiganja chake kichwani kwangu, kizito na chenye joto, akasema, "Haya. Hatuendi." Nimeuguza jibu lile kuliko kosa lolote la mabano. Mtu mzima alikuwa na wazo jema, akaliweka chini kwa sababu mtoto ameogopa.

Mwishowe ni uzi uliotuokoa. Bonge moja lilikuwa limeingia tope, ikabidi twende mjini kutafuta la kufanana nalo, kwenye duka la vitambaa la Wahindi karibu na soko. Nyuma ya kaunta, kwenye kiti cha chini, alikuwa ameketi mama yake mwenye duka, bibi mwenye miwani minene, na mikononi mwake, huwezi kuamini, sweta. Alikuwa anafuma bila kuangalia, kama mama mdogo. Mama mdogo alinipita, akampa shikamoo, akaichomoa karatasi kwenye kanga yake na kumwonyesha kabla sijamzuia.

Bibi yule aliisogeza karatasi karibu na miwani. "Mmefikia wapi?"

"Mabano yametushinda, bibi," mama mdogo akasema. "Mwalimu wangu huyu anasema tuanze na mabano."

"Nani kasema?"

"Sheria ya hesabu," nikajibu.

Bibi yule alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. "Hapa hamna hesabu, mwanangu. Hawa ni watoto watatu. Wa nje ndiye mdogo, wa ndani ni kaka zake. Huwezi kuwavika wote sweta moja. Chagua mmoja, umshike huyo huyo mpaka shingoni."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa kwenye robota la mitumba. Njia nzima ya kurudi Kwihara alikuwa anaimba, "Watoto watatu, sweta moja," akirusha bonge la uzi hewani na kulidaka. Nilitembea nyuma yake. Ningefurahi, kama ningekuwa mtoto mwingine. Nilikuwa nahesabu siku tulizopoteza.

Tulichagua wa katikati, kwa sababu alikuwa na kifua kama changu, na mimi nilikuwa karibu kwa kupimia. Kazi ilikwenda vizuri, vizuri kweli. Mama mdogo alifuma kwenye ukuta wa jua, alifuma ugali ukiiva, alifuma akiongea na wapita njia: "Mwangaluka!" "Mwangaluka, mama, sweta la nani hilo?" "La shule!" Na alilitamka lile neno shule kama mtu anayetaja mahali pake pa kazi.

Tatizo sasa lilikuwa mimi. Kwa kuwa nilikuwa nimekosea pakubwa, niliapa kutokosea padogo. Nilikaa na karatasi kama askari wa mpaka. Nilihesabu vitanzi kila mstari. Nikiona kimoja kimepinduliwa penye kukazwa, hata kama tumeshakipita kwa mistari mingi, nilisema, "Pale, mama mdogo."

"Wapi?"

"Pale chini, ubavuni."

"Pale panakwenda ndani ya mshono. Nani ataliona kosa hilo?"

"Mwalimu mkuu."

"Ni wewe utakayeliona," alisema, anacheka. "Mwanangu, sweta ni la kuvaliwa, si la kusahihishwa."

Lakini alifumua. Kila nilipoonyesha kidole, alifumua. Na uzi wa sufu si kamba ya katani. Ukifumwa na kufumuliwa mara nyingi unaota manyoya, unakonda, unapoteza ile hali ya kurudi ukiuvuta. Mikono ya sweta ilianzwa upya sijui mara ngapi. Siku hizi ninajiuliza kwa nini alinitii, mtu mzima mwenye akili zake na mikono inayojua kuliko karatasi. Nadhani kule alikotoka walikuwa wamemzoesha. Kwa miaka mingi kila palipokosekana kitu nyumbani, kidole kilimwelekea yeye, naye akajifunza kukubali upesi ili siku iendelee. Mimi nilikuja na kidole changu kidogo nikakuta njia imeshachongwa.

Sweta lilikamilika. Tulilifua kwa sabuni ya mche na kulianika juu ya mwamba pembeni ya michembe, likalala limenyoosha mikono kama mtu anayeota jua. Halikuwa na kosa hata moja. Nilikuwa nimelipitia kwa kucha, kitanzi baada ya kitanzi. Lakini asubuhi tuliyolipeleka, shule zilikuwa zimeshafunguliwa; sikumbuki kwa siku ngapi, na nimejizuia nisitafute.

Tulifika barabara iliyo mbele ya shule wakati wanafunzi wako mstarini. Ilikuwa bado baridi, pumzi zinaonekana. Mama mdogo alikuwa mbele yangu, amelibeba sweta ndani ya kanga, na ghafla akasimama hata nikamgonga mgongoni. Nilichungulia ubavuni pake. Watoto wadogo wa mstari wa mbele, wale wapya, walikuwa wamevaa masweta. Ya kijani. Yote sawa, mistari imenyooka kama imepigwa rula, kijani kile kile cha migomba.

"Turudi," nikasema.

"Tumekuja kumwona mwalimu," akasema, akaingia.

Mwalimu mkuu alilipokea sweta letu, akalinyoosha mezani, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. "Kazi safi," akasema. "Kazi safi kabisa, mama." Akalikunja vizuri kama kitu cha thamani. Kisha akasema kuna bwana mmoja amefungua mashine ya kufumia masweta pale mjini, alileta mfano wake, na wazazi walikuwa wanauliza. "Nilikusubiri," akamalizia. "Nilikusubiri kweli."

"Si neno, mwalimu. Ahsante kwa kutufikiria."

"Hili kaeni nalo. Litamfaa huyu."

Mpaka leo nalipima neno lile, nilikusubiri. Alisubiri mpaka lini? Kama tungemwuliza maana ya mabano siku ile ya kwanza? Kama tungeliacha lile kosa la ubavuni? Au mashine ingetushinda hata tungewahi, na neno lile lilikuwa adabu tu, kama mtu anavyokuambia karibu chakula akiwa amekwisha nawa? Ningeweza kurudi kumwuliza. Shule bado ipo. Sijaenda. Nikiambiwa tulichelewa, nitaishije? Na nikiambiwa hatukuchelewa, kwamba tungeshindwa tu, basi mateso yale yote ya kufumua yalikuwa ya bure, na hilo nalo siwezi kulibeba.

Shemeji walikuja magunia ya mahindi yalipokwisha kushonwa: wanaume wawili na mama mmoja mtu mzima mwenye heshima zake. Walichinjiwa kuku. Mjomba alikuwepo, na hakumkaripia mtu; alimwuliza dada yake mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Ile kazi ya shule?" Mama mdogo akatikisa kichwa. Ikatosha. Kesho yake alfajiri tulimsindikiza kituoni. Baridi ilikuwa kali, nami nilivaa sweta la kijani. Alinifunga kifungo cha shingoni, akaikunjua mikono ya sweta ikanifika viganjani, akasema, "Limekukaa, mwalimu." Basi likaondoka. Bibi alirudi nyumbani akakalia kigoda chake na kuchukua kisu, ingawa viazi vilikuwa vimekwisha.

Shuleni kwetu sare ilikuwa sweta la bluu, kwa hiyo lile la kijani nililivaa nyumbani tu, hadi mikono ikafika kwenye viwiko. Bibi hayupo tena. Nyumba ya Kwihara wanakaa wapangaji, na ule mwamba wameujengea banda la pikipiki. Watoto wa Tabora bado wanasikia baridi ya Juni, lakini masweta yao hutoka mashineni au kwenye marobota, na sijasikia tena watoto wakirukia kamba kwa kaza na pindua. Hata michembe nimeikuta sokoni ikiuzwa kwenye mifuko ya nailoni, imefungwa vizuri, haina harufu.

Mwaka jana nilikwenda Igunga kumtembelea. Amenenepa, nywele zina mvi mbele. Watoto wa mke mwenzie wanamwita mama mkubwa na wanampenda, hilo nililiona kwa macho yangu. Nilimpelekea sindano mpya na uzi mzuri. Alizigeuzageuza mkononi. Alisema hajashika kitu kile tangu enzi zile, shamba halimpi nafasi. Nikamwomba ajaribu tu, kidogo, nimwone.

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akapiga vitanzi. Vidole vilikuwa vizito, kisha vikakumbuka. Alifuma mistari michache huku ananiuliza habari za mama, habari za mjini, kama nimepata mchumba. Katikati ya mstari mmoja akapindua palipotakiwa kukazwa. Niliona. Sikusema kitu, wala sikunyanyua kidole. Nilifikiri hata uso wangu nimeuzuia. Lakini mikono yake ilisimama. Aliinua macho akanitazama, mama mzima mwenye mvi, kwa macho yale yale ya uani.

"Nimekosea, eh?" akaniuliza. "Nifumue?"

"Hapana, mama mdogo," nikasema. "Endelea. Ni pazuri hivyo hivyo."

Alikuwa ameshaitoa sindano vitanzini, anavuta uzi.